Kati ya "Rudisha!" na "Nyamazeni!"

Kibanda cha video cha mtaani kwetu Makorora, Tanga, kilikuwa na mabenchi 8, runinga moja ya inchi 21 juu ya kabati, na deki iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi utadhani mwali. Mwenyewe alikaa mlangoni na kopo la sarafu. Kiingilio kilikuwa shilingi 50, na aliyekosa alizunguka nyuma akachungulia kwenye tundu la makuti mpaka atimuliwe. Hapo ndipo nilipopata elimu yangu ya sinema. Nasema elimu bila utani, maana mle ndani kulikuwa na wahakiki wakali kuliko wengi ninaowasoma leo.

Wahakiki wale walikuwa na maneno mawili. La kwanza ni "Rudisha!" Steringi akiruka dirishani akatua juu ya gari linalokwenda, kibanda kizima kilipiga kelele mpaka mwenyewe akainuka kubonyeza kitufe. Mkanda ulirudi nyuma ukilia ngwiii, steringi akapaa kinyumenyume hadi dirishani, kisha akaruka upya. Picha kali ilirudishwa mara tatu, hata nne. Neno la pili ni "Nyamazeni!" Hili halikuwa la watoto. Lilitoka benchi la nyuma, kwa wapiga debe wa stendi na vijana wa bandarini, na lilitoka wakati ambapo hakuna aliyekuwa akiruka: masta mzee anakata roho mapajani mwa mwanafunzi wake, au steringi kasimama na adui kasimama, upepo unapeperusha vumbi, na hakuna ajuaye nani ataanza.

Maneno haya nimekaa nayo zaidi ya miaka 25 bila kuyatafutia kazi. Kazi imepatikana Idi iliyopita, nyumbani kwa kaka yangu. Mwanawe wa kidato cha tatu alinisogelea baada ya pilau na simu mkononi.

"Baba mdogo, tazama huyu. Hana waya wa kumning'iniza, siyo kompyuta. Mwili mtupu."

Nikatazama. Kijana mmoja alipanda ukuta kwa miguu miwili, akajigeuza hewani, akampiga mtu teke la kichwa kabla hajashuka. Kidole kikasukuma, akaja mwingine: huyu kaanguka kutoka ghorofani, kagonga ukingo wa paa, kafikia kwenye meza. Kidole tena. Nilitazama vipande kama 20 hivi, na mwishoni nikauliza, "Huyu wa mwisho alikuwa anagombana na nani?"

Akaniangalia kwa huruma. "Si unaona lakini alivyoruka?"

Niliona. Na sitaki nijifanye mzee wa kudharau. Tumbo lilinikaza vilevile kama lilivyokuwa likinikaza kwenye benchi la Makorora. Mwili wa binadamu ukiwa hatarini kweli, mwili wa anayetazama unajua. Kompyuta inaweza kumrusha mtu juu ya ghorofa 40 nami nikaendelea kutafuna karanga, lakini Jackie Chan akiangukia turubai mbili kutoka kwenye mnara wa saa, ndani ya Project A ya mwaka 1983, karanga zinasimama mdomoni. Hilo halina ubishi. Ubishi wangu na kijana uko kwingine: je, hiyo inatosha kuitwa sinema?

Nianze na picha ambayo kwa haki ndiyo iliyoleta kizazi kizima cha "hana waya". Ong-Bak ilitoka Thailand mwaka 2003, mwongozaji Prachya Pinkaew, steringi Tony Jaa, kijana wa mkoa wa Surin, na mapigano yalipangwa na mwalimu wake Panna Rittikrai. Ilitangazwa kwa ahadi: hakuna waya, hakuna kompyuta, hakuna mtu wa kuruka kwa niaba ya steringi. Ilipofika Tanga kibanda kilikuwa kimeshahamia kwenye diski, na nakumbuka tulisimama juu ya mabenchi. Jaa anakimbizwa vichochoroni Bangkok: anapita katikati ya duara la seng'enge, anateleza chini ya gari akiwa amepasua miguu, anakanyaga mabega ya watu kama ngazi. Na hapa pana jambo nililokuja kulielewa baadaye sana. Katika picha ile hatukupiga kelele ya "Rudisha!", kwa sababu picha inajirudisha yenyewe. Jaa akiruka, unaonyeshwa mruko uleule tena kutoka upande wa pili, tena kwa mwendo wa taratibu. Tulizoea kumwomba mwenye kibanda. Safari hii mtengenezaji katuwahi.

Nilipoitazama tena nikiwa mtu mzima, peke yangu, mbio zile za vichochoroni nilizisogeza mbele. Sikuzichukia. Nilishaziona tu, na mruko ukishauona umeuona. Unabaki kustaajabisha kama kifaa kizuri kinavyostaajabisha. Nilipokuja kukaa sawasawa kwenye kiti ni mahali ambapo sikupakumbuka kabisa. Kijana huyu, Ting, anatoka kijijini kwenda mjini kutafuta kichwa cha sanamu ya Buddha kilichoibwa, na kabla hajaondoka wanakijiji masikini wanamchangia, kila mtu kidogo alichonacho. Fedha ile anaiba ndugu yake wa mjini, mcheza kamari, anaipeleka kwenye ukumbi wa ngumi za vichochoroni. Ting anaingia ulingoni kuifuata, hana habari kwamba amesimama kwenye pambano. Bingwa wa ukumbi anamjia. Goti moja. Bingwa chini. Ting anachukua fedha za kijiji na kuondoka.

Goti lile halina hatari yoyote. Mwanafunzi wa mwezi mmoja wa ndondi za Kithai anaweza kuliigiza. Lakini kwangu ndilo pigo kubwa kuliko yote ndani ya picha, kuliko hata lile teke la suruali inayowaka moto, kwa sababu limebeba bibi kizee aliyetoa sarafu zake. Unajua Ting ameahidi kutopigana. Unajua hizo fedha ni za nani. Na mwongozaji, kwa mara moja, amejizuia: hakurudia.

Miaka miwili baadaye watu walewale walitoa Tom-Yum-Goong, na ndani yake wameweka hoja yangu na ya mtoto wa kaka bega kwa bega, kana kwamba walijua tutakuja kubishana. Jaa safari hii ni mlezi wa tembo. Tembo wake wawili wameibwa na kupelekwa Sydney. Kuna mahali anapanda mgahawa wenye ngazi za kuzunguka, ghorofa hadi ghorofa, akiwapiga watu, akiwarusha chini, akivunja milango, na kamera inamfuata kwa dakika karibu nne bila kukatwa hata mara moja. Ukifikiria kazi iliyofanyika pale unachoka wewe: mtu akikosea dakika ya tatu, seti nzima inajengwa upya na watu wote wanarudi chini. Ni maajabu. Halafu, karibu na mwisho, adui anamfunulia mifupa ya tembo wake mkubwa, imesimamishwa na kupambwa vito kama samani ya sebuleni. Jaa halii wala hasemi. Wanamjia watu makumi kwa makumi, naye anavunja mikono, viwiko, magoti, mmoja baada ya mwingine, na tunasikia kila mfupa.

Ile ya ngazi ni ngumu zaidi mara mia. Hii ya mifupa kwa ufundi ni marudio: shika, zungusha, vunja, mwingine. Ila waulize walioiona watakwambia nini kwanza. Watakwambia mifupa. Mifupa ya tembo imejibiwa kwa mifupa ya watu. Huhitaji kujua Kithai kulielewa hilo, wala huhitaji maelezo. Ile ya ngazi namshangaa Tony Jaa. Hii ya pili namsahau Tony Jaa, namwona mfugaji aliyefiwa.

Hapa mwenzangu wa ubishi angenikatiza, na alinikatiza: "Kwa hiyo unataka stori? Picha za ngumi zina stori gani, baba mdogo? Masta kauawa, mwanafunzi analipiza."

Sitaki stori nyingi. Picha nyingi za ngumi zilizojaribu kuwa na stori nyingi zimeniudhi: dakika 40 za wazee kwenye meza wanaeleza nani alimuuzia nani mzigo gani. The Raid ya mwaka 2011, iliyopigwa Indonesia na mwongozaji kutoka Wales, Gareth Evans, stori yake inaenea kwenye kiganja: polisi wameingia jengo refu la wahalifu, wamenaswa, watokeje? Basi. Lakini unajua kila dakika wako ghorofa gani, wamebaki wangapi, risasi zimeisha lini. Kuna mtu mmoja fupi la mtu, Mad Dog, ameigizwa na Yayan Ruhian, mtaalamu wa kweli wa silat, mapigano ya jadi ya Indonesia. Amemteka afisa kwa bastola, angeweza kumaliza kazi hapohapo. Anaiweka bastola pembeni, kwa maana kuvuta kidole hakuna ladha. Anataka mikono. Sekunde chache, na tayari namjua mtu huyu kuliko nilivyowahi kuwajua wanaruka-ukuta 20 wa kwenye simu. Tangu hapo kila akirusha ngumi naogopa, kwa kuwa najua anafurahia.

Kwa hiyo ninachodai ni kidogo sana. Nijue anapigania nini, nimwone akiogopa kukipoteza, na pambano lenyewe limbadilishe kitu. Hicho kidogo ndicho watu wa sarakasi wengi wanakiruka, pengine kwa kudhani kwamba mwili ulio hatarini unajieleza wenyewe.

Mtu aliyelielewa hili kuliko wote ni huyohuyo ambaye kila mtu anamtaja kwa kuvunjika mifupa. Police Story ya Jackie Chan, 1985. Mwisho wake uko ndani ya duka kubwa la ghorofa kadhaa Hong Kong, na vioo vilivyopasuliwa mle ni vingi kiasi kwamba wafanyakazi wenyewe waliipachika picha jina la "hadithi ya vioo". Kilele chake Chan anaruka kutoka ukingo wa ghorofa ya juu, anadaka nguzo iliyozungushiwa taa za mapambo, anateremka nayo taa zikilipuka mpaka anapasua paa la kioo na kutua sakafuni. Taa zilikuwa zimechomekwa kwenye umeme wa kawaida wa jengo. Viganja viliungua, mgongo ukaumia. Na nakiri: mruko huu nao umerudiwa mara tatu mfululizo, sawa kabisa na Ong-Bak. Kwa hiyo siwezi kusema kosa ni kurudia.

Tofauti ni kilichotangulia. Kwa saa moja na nusu tumemwona polisi huyu akivuliwa kitu kimoja baada ya kingine. Mchumba haamini maneno yake. Wakubwa wamemhamishia kituo cha shamba, ambako kuna mandhari ninayoipenda kuliko hata ile ya nguzo: yuko peke yake na simu nyingi zinalia pamoja, anahangaika na mikonga na nyaya zimemzonga shingoni, na kila simu anaijibu kwa sauti tofauti. Hakuna teke hata moja, lakini mwili ni uleule, mafunzo ni yaleyale ya opera ya Peking, maigizo ya Kichina yenye sarakasi, aliyopigwa viboko akiyasoma utotoni kwa miaka 10. Kisha anasingiziwa kumuua polisi mwenzake. Anapofika juu ya ile nguzo ushahidi wa kumsafisha uko kwenye mkoba, na mkoba uko chini. Ngazi zipo, ila muda haupo. Anaruka kwa sababu mtu yeyote aliyevuliwa kiasi kile angeruka. Akifika chini hasimami kupokea makofi. Anainuka akiwa na hasira za mtu aliyepagawa, anamvamia tajiri wa dawa za kulevya mbele ya polisi wenzake wanaomshika, na wakili wa tajiri naye anapata yake. Makorora ilipofika hapo mtu mmoja alisimama akapiga kelele, "Mpe na yangu!" Hakusema rudisha. Alitaka picha iende mbele.

Niongeze jambo dogo kuhusu Chan ambalo huwa halitajwi sana: anaumia. Namaanisha ndani ya picha, kama mhusika. Akipiga ubao anapuliza mkono. Akiona urefu wa kuanguka anameza mate. Masteringi wengi wa ngumi wanaona aibu kuonekana wanaumwa, kwa hiyo mtazamaji naye haumwi, na baada ya dakika 20 ngumi zinageuka kuwa sauti tu, kama mtu anayepiga zulia vumbi uani.

Kuhusu kuumia kwa kweli, hapo nimebadilika na umri. Zamani tulingoja mwisho wa mkanda, majina yanapopanda, tuone Chan anavyokosea na kubebwa kwenye machela. Akiwa Yugoslavia akipiga Armour of God alianguka kutoka mtini akapasuka fuvu; aliponea chupuchupu. Tulicheka na kushangilia. Sasa hivi nikiona kijana asiye na jina, wa kuangukia meza, anabebwa huku kamera inaendelea, nauliza ile meza ilikuwa na umuhimu gani. Panna Rittikrai mwenyewe aliongoza Born to Fight mwaka 2004, akaweka wanamichezo wa taifa wa Thailand waigize wanakijiji wanaopambana na majambazi. Sijawahi kuona watu wakianguka kutoka kwenye malori vibaya vile. Ndani yake ipo dakika moja nzito, wanakijiji waliotekwa wanasikia wimbo wa taifa redioni na kuinuka. Lakini nje ya dakika hiyo siwezi kukutajia jina la mhusika hata mmoja, na nimeiona mara mbili. Bibi yangu angeiita mkakasi: uzuri nje, ndani kipande cha mti. Watu wamevunjika kwa ajili ya picha ambayo haikunijulisha ni akina nani.

Kinyume chake ni pambano ambalo halina mruko wa hatari hata mmoja. The Way of the Dragon, 1972, Bruce Lee ameandika na kuongoza mwenyewe. Yuko Roma, ndani ya magofu ya Colosseum, na mbele yake ni Chuck Norris, wakati huo bingwa wa kweli wa karate. Kabla ya chochote wanajinyoosha viungo, kila mtu upande wake, kimya, kama mafundi wawili wanaopanga zana. Paka mdogo anatazama. Pambano likianza Lee anapigwa. Anapigwa sawasawa, anaanguka. Ndipo anabadili: anaanza kurukaruka kwa vidole vya miguu, mwepesi, mwenziwe hamwoni, na unaona uso wa Norris ukitambua kwamba hesabu imegeuka. Lee anamvunja mkono, kisha mguu. Norris anainuka kwa mguu mmoja. Lee anatikisa kichwa, kama anayemwomba: acha, imetosha. Norris anakataa. Lee anamuua, halafu anachukua koti la karate la marehemu na mkanda wake mweusi, anamfunika, anapiga magoti.

Kile kitendo cha kumfunika ndicho kilichokuwa kikitunyamazisha. Sisi tuliokulia pale tunajua maana ya maiti kufunikwa. Hata watoto wa nje kwenye matundu ya makuti walikaa kimya, nao hawakuwa wamelipa.

Sasa kuna ushahidi mwingine, na huu hautoki Hong Kong wala Bangkok, unatoka hapahapa kwetu. Mwili hauhitaji mkalimani. Teke ni teke. Kama kweli tulichofuata ni sarakasi tu, picha za ngumi ndizo zilizopaswa kuwa za mwisho kuhitaji kutafsiriwa. Mbona basi zilikuwa za kwanza? Dar es Salaam alikuwepo mtafsiri Lufufu, sauti yake juu ya picha za Kichina na za Kihindi ilijaza vibanda. Kenya yupo DJ Afro, na matatu zinakwenda na picha zake hadi leo. Uganda kuna maveejay, watafsiri wa huko, chungu nzima. Mtaani kwetu mkanda "wenye mtafsiri" uligombaniwa kuliko usio naye, ingawa sauti ilifunika milio ya ngumi tuliyodaiwa kuifuata.

Na mtafsiri alifanya nini? Mara nyingi hakutafsiri. Alitunga. Mtu anayerusha teke bila sababu alipewa sababu: huyu jamaa alidhulumiwa kiwanja, yule pale mbele ndiye aliyemtoroka dada yake, huyu mzee msimwone hivi, alikuwa masta wa masta. Pambano ambalo mwongozaji aliliacha kavu lilitiwa nazi. Watu wale, kwa kipaza sauti na televisheni mbili, walikuwa wakirekebisha picha zilizopungukiwa, na walijua kwa hakika kilichopungua.

Jirani zetu wa Wakaliga, pale Kampala, wamelifikisha jambo hili mwisho wake. Mwongozaji wao Nabwana alitoa Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa fedha kiduchu mno. Bunduki ni za vyuma chakavu, helikopta ni ya kompyuta na inaonekana ni ya kompyuta, na kungfu ni ya vijana wa mtaani waliojifunza kwa kutazama. Ukiipima kwa kipimo cha "hana waya" inafeli kabla haijaanza. Lakini juu yake kuna sauti ya VJ Emmie anayechekesha, anayewatania wahusika, anayemshika mtazamaji mkono, na dunia nzima iliipenda. Nimemwonyesha mtoto wa kaka. Alicheka mpaka simu ikamdondoka, akaitazama mpaka mwisho, saa nzima na ushee, mtoto ambaye sijawahi kumwona akimaliza kipande cha dakika mbili.

Sikumwambia kitu. Usiku, baada ya wageni kuondoka, nilimwekea picha nyingine, ambayo mimi na baba yake tuna historia nayo.

The 36th Chamber of Shaolin ni ya mwaka 1978, ya studio za Shaw, mwongozaji Lau Kar-leung, steringi Gordon Liu. Ukihesabu mapigano makubwa utashangaa yalivyo machache. Sehemu kubwa ya katikati ni kijana San Te anajifunza. Anataka chumba cha juu kabisa, anafukuzwa, anaanzia cha chini: kuvuka maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea, na asiyevuka anachelewa kula. Kisha kubeba ndoo za maji kwa mikono iliyonyooshwa huku visu vimefungwa kwenye mikono, ukishusha viwiko vinakuchoma mbavu. Kisha kugonga magunia ya mchanga kwa kichwa. Hakuna linalotisha kwa urefu wala kwa moto. Lakini kila chumba kina swali, na unalifikiria pamoja naye: huyu atavukaje? Akivuka, umevuka. Sisi kesho yake tulipanga vifuu vya nazi uani na kujaribu, na mama alitutandika kwa ajili ya vifuu hivyo.

Akishamaliza vyumba vyote, anatakiwa ampime nguvu mtawa mmoja mkubwa mwenye visu viwili vipana. Anashindwa. Anarudi, anashindwa tena. Anaondoka akiwaza, yuko peke yake msituni kwenye mianzi, na hapo ndipo umeme ulipokatika.

Mwaka ule umeme ukikatika Tanga hukujua utarudi lini. Mwenye kibanda aliwasha kandili. Kwa kawaida watu hudai fedha zao au wanaondoka na matusi. Siku ile hakuna aliyeondoka. Tulitoka nje tukakaa kwenye kuta za msingi wa nyumba ya jirani, watoto, wapiga debe, vijana wa bandarini, na kwa muda unaofika saa nzima tulibishana San Te atamshindaje yule mtawa. Mpiga debe mmoja alisema mkuki mrefu. Mwingine akasema hapana, visu vile vitaukata. Mimi nilisema atazoea tu, atapigwa mpaka avizoee, nikachekwa. Kaka yangu, miaka 12 wakati huo, alisema anahitaji kitu kinachokunjika, kigumu lakini kinakunjika, kimeungwa kwa mnyororo. Wakubwa wakamsikiliza. Umeme haukurudi, na kesho yake mkanda ulikuwa umesharudishwa Ngamiani ulikokodiwa.

Nilikuja kuona mwisho wake nikiwa chuo, bweni, kwenye laptopu ya mwenzangu, zaidi ya miaka 10 baadaye. Nikampigia kaka saa tano usiku ule ule.

"Ulikuwa sahihi," nikamwambia. "Ni fimbo ya vipande vitatu."

Hakuuliza nazungumzia nini. Aliuliza, "Imeungwa kwa kamba au kwa mnyororo?"

"Mnyororo."

"Si niliwaambia," akasema, akakata simu.